Marando Yaliyotiwa Lakiri

Jumanne, tarehe 14 Machi 2006, saa nne na dakika kumi asubuhi, masjala ya idara ya mizani na vipimo ilipokea barua ya kurasa mbili, ikaigonga muhuri na kuipa folio namba 1 katika jalada jipya. Hilo ni hakika: muhuri upo, wino wake haujafifia, na saini ya karani aliyeipokea inasomeka. Barua ilidai kwamba mashina arobaini na nane ya viazi vitamu vya mapambo, yenye majani ya zambarau, yalikuwa yameondolewa kwa siri katika masanduku ya ofisi, na mahali pake kupandwa viazi vya kawaida vyenye majani ya kijani. Mtuhumiwa alikuwa mmoja, mtunza bustani wa idara, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye kila mtu, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, alimwita Bi Mkasi.

Wengine husema jina hilo lilitokana na mkasi aliouning'iniza kiunoni kwa kamba ya kiatu, wengine kwamba lilitokana na ulimi wake. Vyote viwili alivinoa kila siku.

Aliajiriwa akiwa na miaka thelathini, kwa kazi ya kufagia. Wakati huo mbele ya jengo palikuwa na matuta mawili ya udongo mkavu, yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na ndani yake hapakuota kitu isipokuwa vizibo vya soda. Bi Mkasi aliyadharau mawe yale kwa muda wa miaka mitatu, kisha akaanza kuyatoa moja moja kila alipomaliza zamu. Alisema chokaa juu ya jiwe ndiyo bustani ya mtu asiyetaka bustani. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna aliyegundua.

Marando ya kwanza, vipande vya shina la kupandia, alipewa na mkunga mstaafu aliyekuwa na vyungu viwili langoni kwake. Yalikuwa matatu, kila moja urefu wa kiganja, yamefungwa katika gazeti lililoloweshwa. Mkunga alimwambia kwamba ni kiazi kitamu kama viazi vingine, ila hiki kazi yake ni kutazamwa. Majani yake yalikuwa ya zambarau iliyoiva hadi kukaribia weusi, na umbo lake kama moyo uliokatwa na mtu mwenye haraka. Baada ya miaka miwili marando matatu yalikuwa yamejaza matuta yote mawili, na kutoka hapo Bi Mkasi alipandikiza masanduku kumi na mawili ya mbao yaliyopangwa kwenye ngazi za mbele, mashina manne kwa kila sanduku, yakamwagika kando na kuning'inia kama nguo iliyoanikwa.

Wageni wa ofisi walikuwa na swali moja, na hawakuchoka kuliuliza. Walitaka kujua kama yanaliwa. Wauza nyama na wauza nafaka waliokuja kukaguliwa mizani zao walisimama ngazini, wakashika jani, wakauliza. Mawakili waliuliza. Siku moja aliuliza mhandisi mwenye shahada tatu, na Bi Mkasi, ambaye hadi hapo alikuwa amejibu swali hilo kwa adabu labda mara elfu, alimtazama kuanzia viatuni.

"Kaka, ukienda kwa watu ukakuta saa ya ukutani, huwa unauliza inachemshwa?"

Kazi yenyewe aliifanya kwa taratibu zisizobadilika. Rando lilikatwa chini kidogo ya kifundo, majani ya chini yakapunguzwa, likakaa ndani ya chupa ya maji dirishani mwa masjala kwa siku tano hadi mizizi ionekane kama nyuzi nyeupe. Kila sanduku lilitobolewa matundu sita, maana kiazi kikikaa kwenye maji huoza kimyakimya na mwenye nacho huendelea kukimwagilia. Samadi alitia kwa kipimo cha kikombe, si kwa huruma. Alishikilia kwamba rando lililoshiba sana huwa kama mtoto wa tajiri, refu na halisimami. Ncha alizikata kila baada ya wiki mbili ili shina litoe matawi. Mara moja kwa mwaka alifumua kila sanduku, akatoa viazi vilivyovimba hadi kutaka kupasua mbao, akatupa vile vilivyoingiwa na fukusi, na kuanza upya. Juu ya yote hayo palikuwa na sharti moja alilolirudia kwa kila mtu, hata kwa wasiotaka kusikia: jua. Saa sita kwa siku, au zaidi.

Nyumbani alikuwa na vyumba viwili na ua alioutumia pamoja na mumewe, fundi wa redio, na wifi yake, mshonaji aliyeweka cherehani chini ya upenu. Uani humo, katika mabeseni yaliyotoboka na makopo ya rangi, Bi Mkasi aliweka marando ya akiba kutoka ngazi za ofisi. Wifi yake hakuwahi kuyaheshimu. Alisema mwanamke mwenzake akipanda kiazi hungoja kuvuna, lakini huyu wetu hungoja kusifiwa, na sifa haijawahi kumshibisha mtu. Bi Mkasi alijibu kwamba tangu azaliwe hajaona mshonaji anayeuza nguo kwa kilo. Mazungumzo hayo yaliendelea kwa miaka kumi na tisa bila upande wowote kusalimu amri, na mume alijifunza kuongeza sauti ya redio.

Mwezi Januari 2006 idara ilipata mkuu mpya wa utawala. Alikuwa mtu wa suti tatu na miadi mingi, na wiki ya kwanza alitangaza kwamba sura ya jengo ni sura ya taasisi. Kwa ajili ya sura hiyo alileta mshauri wa mandhari. Mshauri huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, na uzoefu wake wote, kama wasifu alioambatisha mwenyewe unavyoonyesha, ulikuwa wa miaka minane katika duka la mapazia.

Duka la mapazia si kosa. Kosa lilikuwa kulihamishia bustanini. Mshauri alizunguka jengo mara mbili akiwa na miwani ya jua, akapima ngazi kwa futi ya kamba, akaandika taarifa ya ukurasa mmoja. Taarifa ilieleza kuwa jua ni adui wa rangi. Kwamba kitambaa cha zambarau kikiachwa dirishani huchujuka ndani ya mwaka mmoja. Na kwamba mimea ya thamani kama ile haikupaswa kuachwa ikiungua hadharani. Alipendekeza masanduku yote yahamishiwe chini ya upenu wa nyuma, upande usioona jua tangu jengo lijengwe, na matuta ya mbele yafunikwe kwa wavu mzito wa kivuli. Mkuu wa utawala aliidhinisha siku hiyohiyo. Taarifa nyingine kuhusu choo cha ghorofa ya pili ilikuwa ikingoja idhini kwa mwaka wa nne.

Bi Mkasi alipoambiwa abebe masanduku alimfuata mshauri ngazini. Karani wa masjala, mama mmoja mnene mwenye kumbukumbu kama kabati la chuma, alikuwa dirishani na aliyasikia maneno yote.

"Baba, kitambaa kimekufa ndiyo maana kinachujuka," alisema Bi Mkasi. "Hiki kiko hai. Hiki rangi yake huitengeneza chenyewe, na jua ndiyo jiko lake."

Mshauri alitabasamu na kumwambia kuwa kila mtu ana fani yake, mama.

"Kweli kabisa. Na yako iko dukani inakungoja."

Masanduku yalihamishwa Jumatatu, tarehe 30 Januari. Kilichofuata kingeweza kutabiriwa na mtoto yeyote aliyewahi kuacha ndoo juu ya majani. Marando yalirefuka yakitafuta mwanga, vifundo vikaachana, na kila jani jipya lilitoka likiwa limepoa kuliko lililotangulia: kwanza zambarau ya maji, kisha kijani chenye mishipa ya zambarau, kisha kijani tu. Majani ya zamani yalizeeka, yakadondoka, yakafagiliwa. Kufikia wiki ya sita hapakuwa na jani hata moja la zambarau katika eneo lote la idara.

Mtu mwingine angejiuliza kama amekosea. Mshauri alijiuliza nani ameiba. Ndiyo asili ya ile barua ya tarehe 14 Machi, ambayo katika ukurasa wake wa pili inaeleza kwa fahari kwamba mwandishi amefanya uchunguzi wake binafsi, na kubaini kuwa mimea inayofanana kabisa na iliyopotea inaonekana, ikiwa na rangi yake kamili, uani kwa mtuhumiwa.

Ilikuwa inaonekana, naam. Ilikuwa juani.

Mkuu wa utawala aliunda kamati ya uchunguzi ya watu watano, na Bi Mkasi akahamishiwa kufagia uwanja wa magari hadi shauri liishe. Mambo mawili yalikuwa hatarini. La kwanza lilikuwa kazi: mtumishi aliyethibitika kuiba mali ya ofisi alifukuzwa, na hata walinzi walikuwa wakinong'ona kwamba safari hii mama wa watu amemwaga unga. La pili lilikuwa neno. Bi Mkasi alimweleza karani wa masjala kwamba kazi angeweza kuipata kwingine, au akaishi bila hiyo. Lakini jalada halifi, na hakukusudia kulala ndani ya kabati la masjala akiitwa mwizi wa viazi muda mrefu baada ya kuacha kuitwa kwa jina lolote lingine.

Jioni aliyokabidhiwa nakala ya barua ya tuhuma, wifi yake aliacha cherehani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na dhihaka. Alimshauri ang'oe marando yote ya uani na kuyatupa kabla wenye ofisi hawajaja na kamera.

"Wifi, ukiyaacha hapo unajitia kitanzi. Ng'oa, mama. Viazi vitaota tena."

"Nikiyang'oa ndipo nitakuwa nimeiba," alisema Bi Mkasi. "Mwenye mali hafichi."

Akachukua kopo la maji, akayanywesha.

Kikao cha kwanza cha kamati kilifanyika Alhamisi, tarehe 23 Machi. Muhtasari wake ni waraka wa kurasa sita, na kila mwenye kutaka kujua jinsi watu wazima, wenye elimu na mishahara, wanavyoweza kwenda kombo kwa hatua ndogondogo zenye mantiki, hana haja ya kusoma kitu kingine. Swali lililowakabili lilikuwa hili: je, mimea iliyomo masandukuni ni ya mapambo au ni ya chakula? Mjumbe mmoja alisema jibu liko chini. Sanduku likafumuliwa, kikatolewa kiazi. Kuonekana kwa kiazi kuliwashtua. Inaonekana wajumbe walitarajia kwamba kiazi cha mapambo hakina kiazi. Kwa kuwa hii ilikuwa idara ya mizani, kiazi kilipimwa, na uzito wake umeandikwa: gramu mia tatu na kumi na mbili nukta nne. Kisha mwenyekiti akaelekeza kichemshwe.

Mpika chai wa ofisi alikichemsha kwenye birika, akakikata vipande vitano. Maoni ya wajumbe yameandikwa kila moja peke yake. Wa kwanza alisema hakina ladha. Wa pili aliona ladha kwa mbali. Wa tatu alisema angependa chumvi. Wa nne, mkaguzi mkongwe wa mizani aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, alikataa kuonja, akasema hajawahi kupima kitu kwa ulimi. Mwenyekiti alimeza, akatafakari, na kutoa uamuzi: kinalika. Kwa hiyo ni chakula. Kwa hiyo si mapambo. Kwa hiyo mapambo yamebadilishwa.

Bi Mkasi, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi, aliuliza kama waheshimiwa wamemaliza kula. Kisha akaomba jambo moja tu: masanduku manne yarudishwe ngazini, juani, kwa siku ishirini na moja. Hakuomba hata kuyamwagilia. Mlinzi angeweza kufanya hivyo. Mwenyekiti alimpelekea ombi mkuu wa utawala, ambaye alicheka na kukubali, kwa jinsi mtu anavyomkubalia mgonjwa.

Marando yalikaa juani kuanzia tarehe 27 Machi. Mwanzoni yalinyong'onyea, kama mtu aliyetolewa kwenye chumba cha giza. Wiki ya pili ncha zikaanza kuiva. Siku ya ishirini na moja masanduku yote manne yalikuwa na vichwa vya zambarau, na mlinzi, aliyekuwa ameyamwagilia kwa mkono wake mwenyewe, alimwita kila aliyepita aje aone, kana kwamba ameyazaa.

Kamati ilikutana tarehe 19 Aprili. Ilikubali bila ubishi kwamba mimea sasa ilikuwa ya zambarau. Halafu ikaandika azimio lake, ambalo ni folio 19, na mstari wa saba wa folio hiyo unasema: "Mtuhumiwa amerudisha kwa siri sehemu ya mimea aliyoichukua."

Haikuwapo njia ya kuliandaa sikio kwa sentensi kama hiyo. Ukweli ulikuwa umewekwa ngazini, umemwagiliwa na kupigwa jua kwa wiki tatu mbele ya watu, nao wakauchukua na kuufanya ushahidi wa pili wa wizi. Kamati ilipendekeza asamehewe, apewe karipio, na atie saini kukiri kosa. Yaani funika kombe mwanaharamu apite. Na mwanaharamu, katika shauri hili, alikuwa na miwani ya jua.

Mkuu wa utawala alimwita ofisini, akamketisha kwenye kiti cha ngozi, akamwagizia chai. Alikuwa mkarimu sana. Alimsifia kwa utumishi wa miaka ishirini na miwili, akamvika vilemba vya ukoka vya kutosha kufungua duka, na hatimaye akamsogezea karatasi na kalamu.

"Mama yangu, ofisi imekusamehe. Weka saini tu hapa, yaishe."

"Mwanangu, msamaha hupewa aliyekosa," alisema. "Nipe kwanza kosa langu, kisha nitautafutia msamaha wako mahali pa kuuweka."

Mkuu alimpa hadi Ijumaa ya tarehe 28. Kama asingetia saini, angefukuzwa kwa wizi. Bi Mkasi aliiacha chai mezani, haikuguswa. Baadaye alisema ilikuwa ya maji, kama hoja za aliyeiagiza.

Jumatano, siku mbili kabla ya muda kwisha, alishuka hadi chumba cha chini ambako mizani hukaguliwa. Ni chumba kirefu chenye meza ya bati, mawe ya shaba yamepangwa kwa ukubwa ndani ya kasha la mahameli, na harufu ya mafuta ya mashine. Mkaguzi mkongwe alikuwa akiifunga mizani ya muuza nyama: alipitisha waya mwembamba kwenye tundu la skrubu, akaunganisha ncha zake ndani ya kidonge cha madini ya risasi, akakibana kwa koleo lenye chapa ya idara. Hiyo ndiyo lakiri. Mizani ikishatiwa lakiri, anayetaka kuichezea hana budi kukata waya au kuvunja risasi, na vyote viwili huonekana. Namba ya lakiri huandikwa katika daftari, na sheria ya idara ni kwamba kitu kilichotiwa lakiri hakiwezi kutolewa uamuzi mpaka kifunguliwe na mkono uleule uliokifunga.

Bi Mkasi alimtazama akimaliza.

"Babu," alimwita hivyo kwa utani, ingawa mkaguzi alimzidi kwa miaka saba tu, "hii kitu yako inakaa kwenye chuma peke yake, au hata shina la rando inalikubali?"

Muuza nyama, aliyekuwa akingoja mizani yake, alieleza baadaye kwamba mzee yule alianza kucheka taratibu, bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, hadi ikabidi avue miwani. Kisha akachukua koleo, waya na daftari, akapanda navyo hadi upenu wa nyuma, ambako masanduku manane yalikuwa bado kivulini, kijani tupu.

Alichagua sanduku mwenyewe, kisha mashina matatu mwenyewe. Kwenye kila shina alipitisha waya juu ya jani la mwisho lililokwisha kukunjuka, akaulegeza ili usikate, akauzungusha pia kwenye tundu alilolitoboa ukingoni mwa sanduku, akaufunga kwa risasi. Shina lisingeweza kutolewa wala kuingizwa lingine bila kuvunja lakiri. Namba tatu ziliandikwa daftarini, muuza nyama akatia saini kama shahidi, na sanduku likabebwa hadi mbele, juani, karibu na foleni ya wafanyabiashara.

Ijumaa ilipofika na mkuu wa utawala akataka saini au kufukuza, mkaguzi alimwandikia dokezo la mistari mitatu: kielelezo cha shauri kimetiwa lakiri kwa mujibu wa sheria ya idara, na hakiwezi kuamuliwa mpaka kifunguliwe. Sheria hiyo mkuu mwenyewe alikuwa ameifundisha kwa watumishi wapya mwezi Februari. Hakuwa na pa kupenyea.

Kwa wiki tatu na nusu foleni ya mizani ikawa na burudani. Wauza mahindi, wauza samaki, wauza misumari, wote walisogea kila wiki kutazama lakiri juu ya kiazi. Muuza nyama alijipa cheo cha msemaji. Aliwaeleza wenzake kwamba idara imegundua viazi vinapunja wateja.

Kikao cha mwisho kilikuwa Jumanne, tarehe 23 Mei. Sanduku liliwekwa katikati ya meza ya mikutano, juu ya gazeti. Mkaguzi alisoma namba tatu kutoka daftarini, wajumbe wakazilinganisha na risasi, zikalingana. Hakuna waya uliokatwa. Chini ya kila lakiri palikuwa na majani ya kijani, yamezeeka lakini kijani. Juu yake, kwenye shina lilelile, majani ya zambarau iliyokaribia weusi. Shina moja, rangi mbili, na katikati yake chapa ya idara.

Mshauri wa mandhari, aliyealikwa kama mtaalamu, alisema labda yamepakwa rangi. Mwenyekiti alilowesha leso kwenye glasi ya maji, akasugua jani, akaitazama leso. Ilikuwa nyeupe. Mshauri akasema basi huo ni ugonjwa.

"Ni ugonjwa," alikubali Bi Mkasi. "Unaitwa mchana."

Mjumbe aliyependa chumvi alicheka kabla hajajizuia. Baada ya hapo kamati haikuwa na nguvu tena. Iliandika azimio fupi kuliko yote, folio 30: hakuna mali iliyopotea, na mtumishi arejee kazini. Haikuandika kwamba amesingiziwa, kwa kuwa wajumbe walioonja kiazi hawakupenda kurudi nyuma kiasi hicho. Bi Mkasi aliomba azimio lisomwe kwa sauti, likasomwa. Akauliza kuhusu mstari wa saba wa folio 19. Mkuu wa utawala alimwambia kwamba kumbukumbu za ofisi hazifutwi, kilichoandikwa kimeandikwa.

"Basi mimi nimerudisha nisichochukua," alisema, "na nyinyi mmekiona kikirudi. Nchi gani hiyo mnayoishi, nije nitembee?"

Akatoka. Kabla ya saa ya chakula alikuwa ameushusha wavu wa kivuli kutoka kwenye matuta kwa mkasi wake, bila idhini ya mtu, akaukunja na kuukabidhi kwa mshauri ukiwa na vumbi lake. Masanduku yote yalirudi ngazini siku hiyo, yakibebwa na mlinzi na wafanyabiashara watatu wa foleni. Mshauri hakuonekana tena katika jengo lile baada ya mwezi Juni. Wifi yake Bi Mkasi, aliposimuliwa kisa chote cha kuchemsha kiazi, alicheka hadi akasimamisha cherehani, kisha akatamka jambo ambalo familia hulinukuu hadi leo kama ushindi pekee wa vita vya miaka kumi na tisa: kwamba kumbe viazi vile vina faida, vimewafichua wajinga watano kwa gramu mia tatu tu. Bi Mkasi alimsahihisha. Walikuwa wanne, mkaguzi hakula. Na kulikuwa na nukta nne.

Alifanya kazi miaka mingine mitano, akastaafu, na marando yake bado yanamwagika kwenye ngazi zile chini ya mkono wa mtunza bustani mwingine, ambaye naye huulizwa kama yanaliwa.

Jalada limetunzwa vizuri. Folio 31 ni karatasi ngumu ambayo juu yake karani wa masjala alibandika shina moja kati ya yale matatu, pamoja na lakiri yake, akisema kielelezo ni kielelezo. Limekauka, na majani ya juu na ya chini sasa yote ni ya kahawia moja. Katika folio 19, mstari wa saba umekatwa kwa wino wa kijani, mkato mmoja ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, bila herufi za jina wala tarehe pembeni. Karani anathibitisha kwamba mstari haukuwa umekatwa siku ya kikao cha mwisho, na kwamba aliukuta umekatwa alipofungua jalada Jumatatu, tarehe 12 Juni. Katika idara ile wino wa kijani ulitumiwa na mkuu wa utawala peke yake. Lakini fomu yake ya likizo, iliyo katika jalada jingine, inaonyesha kwamba alikuwa nje ya mji kuanzia tarehe 29 Mei hadi tarehe 14 Juni. Mkaguzi aliulizwa kabla hajafariki, akasema yeye hutumia penseli. Bi Mkasi, alipoulizwa, alisema aliyeukata bila shaka alikuwa na haya, na kwa kuwa katika jengo lile mwenye haya alimjua mmoja tu, yaani paka wa jikoni, yeye hana la kuongeza.

Nani aliyeukata mstari ule haijulikani.